Bahasha ya Tisini na Tatu

Binti wa ndugu yangu alikuja Ibra siku ya Jumamosi baada ya alasiri, bila kupiga simu kwanza, na kahawa hakunywa. Naanza na kahawa kwa sababu hapa Oman mtu asiyekunywa kahawa yako ameshasema alilonalo moyoni. Alikishika kikombe, akakizungusha mkononi, akakiweka chini kimejaa. Nilimwona. Nimekaa miaka ishirini na sita nyuma ya dirisha la posta, na mtu wa dirishani halimpiti jambo.

Alikuwa hajaingia nyumbani kwetu miaka kumi na minne. Baba yake, ndugu yangu mdogo, alifariki yeye ana miaka minane. Sasa ni mwalimu wa skuli huko Sur, mrefu, na paji la uso ni lile lile la baba yake. Nilipofungua mlango nililiona hilo kwanza. "Shikamoo, ammati," alisema, yaani shangazi. Shikamoo ndilo neno pekee la Kiswahili alilobaki nalo, mengine yote tulizungumza kwa Kiarabu. Nayaandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyolelewa nayo, na kwa sababu maneno haya yanamhusu mama yangu.

Mama alikuwa kakaa pale pale sebuleni kwenye godoro lake. Macho hayaoni tena ila vivuli, lakini masikio mazima. Akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia, mjukuu wako. Akanyoosha mikono yote miwili, ikabaki hewani. Yule binti alisita, kisha akainama akambusu kichwani harakaharaka, akarudi kukaa mbali, karibu na mlango. Na hilo pia nililiona.

Alilolijia ni historia ya boti. Baba yake alikuwa fundi mkuu wa injini katika boti moja ya walinzi wa pwani iliyokuwa na kituo chake Sur. Boti hiyo sasa imestaafishwa, imepandishwa nchi kavu inangoja kukatwa vyuma. Mabaharia wake wa zamani, watu wazima wenye mvi na visukari, wameamua kwamba kabla haijakatwa yafanyike maonyesho ya kumbukumbu zake, na iandikwe historia ya utumishi wake: lini ilikuwa wapi, ilimwokoa nani, ilikwenda kufanya nini. Wakamtwika kazi hiyo binti wa fundi. Madaftari ya safari yaliliwa na maji mafuriko yalipoingia stoo. Imebaki historia ya vichwani mwa wazee, na vichwa vya wazee unavijua mwenyewe, kila mmoja ndiye aliyeshika usukani siku ya tufani.

"Lakini baba alikuwa akituma bahasha," akasema. "Unazo wewe."

Ninazo, kwa nini nisiwe nazo. Ndugu yangu alichongesha muhuri wa mpira kwa mwenye duka la vifaa vya ofisi Sur: boti imechorwa ubavuni, mawimbi matatu chini yake, na namba yake. Kila walipotia nanga penye posta alishuka, akanunua stempu, akagonga muhuri wa boti pembeni, kisha akamsimamia karani wa posta mpaka agonge tarehe vizuri bila kutapakaza wino. Aliwasumbua makarani wa pwani nzima, masikini. Barua ikifika Ibra inafikia dirishani kwangu, nami naigonga mgongoni muhuri wa kupokelea, kwa kuwa alishaniapisha nisije nikasahau. Kwenye pembe ya juu aliandika namba kwa penseli. Moja, mbili, tatu, hivyo hivyo. Watu wa Ulaya wanaokusanya vitu hivi walimwandikia wanataka kununua, akakataa. Alisema bahasha ni za mama.

Na kweli ukizipanga zile bahasha unaiona boti inatembea. Ya nne imetoka Masira, walipoivuta mashua ya wavuvi iliyokufa injini, wavuvi wameshaanza kunywa maji ya betri. Ya thelathini na moja ya Khasab, milima imeingia baharini, kaandika, na baridi mpaka chai inaganda. Ya hamsini na nane ya Sur yenyewe, baada ya kimbunga, walipokuwa wanapeleka maji na unga vijiji vilivyokatikiwa na barabara. Halafu kuna moja katika za sitini ambayo ndani yake mlikuwa na kikaratasi cha pembeni, kwangu mimi, kimeandikwa juu: usimsomee mama. Walikuwa wameokota watu baharini. Aliye hai hakuwamo hata mmoja. "Wote wamevaa viatu vizuri, dada," kaandika. "Viatu vya kufikia." Hakusema ni wangapi wala wametoka wapi. Tangu nisome kikaratasi kile nikiona kiatu kipya dukani napita upande wa pili wa njia.

Baada ya hapo ndugu yangu alibadilika, na mimi, mwerevu wa dirishani, sikulielewa hilo. Mkewe ni Mwarabu wa Samad Ash Shan, watu wa mashamba na mitende, na nyumba yao iko huko. Ukitoka Sur kwenda Samad lazima upite Ibra. Zamani alikuwa akisimama kwetu, anakula, analala kidogo na kichwa kwenye mapaja ya mama na ukubwa wake ule. Sasa akawa anapita. Barabara iko mbele ya posta; niliiona gari yake nyeupe alasiri inapita, haipunguzi mwendo. Mara moja, mara mbili, mara ya tano. Mama alisema, mwache, amechoka, ana wanawe. Mama hakulalamika hata siku moja. Niliyelalamika ni mie. Nilikuwa nimekaa na mama miaka yote hiyo, sikuolewa, namwogesha na kumpikia, na mtoto mpendwa anapita kwa gari hata honi hapigi. Nilikasirika mpaka nikawa sili vizuri.

Sasa nieleze barua zetu zilivyokuwa. Mama yangu hakusoma skuli ya serikali, alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, huko Unguja, na Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wake, pamoja na zile herufi za nukta tatu ambazo Mwarabu hana. Sisi watoto wake alitufundisha hivyo hivyo. Mikono yake ilipoanza kutetemeka mimi nikawa karani wake: anasema, naandika. Barua ikimalizika anaidondoshea marashi, halafu inakunjwa mara nne, tano, mpaka inaenea katika kiganja cha mtoto. Ndivyo walivyotumiana barua kwao. Simu ipo, lakini mama alikuwa akisema simu huwezi kuiweka chini ya mto.

Basi siku hiyo mama alisema maneno yake ya kila siku. Umekula? Usilale na nywele mbichi. Msalimie mkeo, mwambie zile tende za hilali zimefika, ana mkono wa baraka. Nikayaandika yote. Kisha, kabla ya kukunja, nikaongeza yangu, kwa sauti ya mama: kwamba nimeanguka chooni, tangu Ijumaa sili, na nikifumba macho nakuona wewe. Mistari miwili tu. Mama ananukiza marashi, mimi wino haujakauka.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mwongo huwa haijui urefu wake siku anayoianza. Nilijua atapiga simu, na mama akishika ataharibu. Nikachomoa waya wa simu ya nyumbani nikausukuma nyuma ya kabati. Simu yangu ya mkononi ilipolia Jumanne, jina lake likiwaka, niliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Nikaigeuza uso chini mezani nikaendelea kupanga vifurushi. Nilitaka aje, nilitaka aingie mlangoni ana wasiwasi, akute mama mzima anakunywa chai, aone haya. Hilo tu ndilo nililolitaka. Wallahi hilo tu.

Jumatano alitoka Sur alasiri. Karibu na Bidiya jua linapokuwa la machweo linakupiga usoni moja kwa moja, na ngamia alikuwa anavuka. Walituletea habari baada ya magharibi. Alizikwa Samad, kwa wakwe zake.

Nilirudi kazini siku ya tano baada ya mazishi, kwa sababu nyumbani nilikuwa siwezi kukaa. Wakati ule barua za Sur zilikwenda Maskati kwanza kupangwa ndipo zirudi kwetu. Gunia likafunguliwa, nikaanza kugonga mihuri, tap, tap, kazi ya mkono tu, akili haipo. Mkono ukagonga bahasha moja, na ulipoinuka nikaona ubavu wa boti na mawimbi matatu. Pembeni, kwa penseli: tisini na tatu. Niliigonga vizuri, tarehe inasomeka mpaka leo, kama alivyoniapisha. Nikamwambia mwenzangu nakwenda msalani. Nikaisoma kule, nimesimama.

Sikumpa mama. Niliitia ndani ya foronya, foronya ndani ya sanduku, na juu yake nguo za sikukuu.

Yaliyofuata sikuyatarajia. Vitu vya marehemu vililetwa kutoka botini: mfuko wa nguo, daftari lake dogo la kuorodheshea bahasha, na kopo lenye barua za mama. Mkewe, yumo edani, kalifungua. Jiweke mahali pake. Mwanamke wa Samad, hajui neno la Kiswahili, anakuta vijikaratasi vimekunjwa vidogo vidogo, vinanukia marashi, vimejaa herufi anazozijua ambazo hazisemi kitu, na nyingine zenye nukta zisizokuwepo duniani. Kwao kitu cha namna hiyo kina jina moja tu, nalo ni sihiri. Nduguze walizipeleka kwa mzee mmoja upande wa Firq, karibu na Nizwa, anayesomea wagonjwa. Yule mzee akatazama, akasema Kiarabu si Kiarabu, Kurani si Kurani. Akazizamisha katika maji ya chumvi, akazichoma, jivu likazikwa.

Kaka wa yule mjane akaja Ibra na ujumbe. Alisimama mlangoni hakuingia. Dada yake anasema Mwenyezi Mungu anamtosha dhidi ya mwanamke aliyemroga mwanawe wa kumzaa, na watoto hawatakanyaga tena hapa. Mama Kiarabu chake ni cha sokoni. Akaniuliza kutoka ndani, "Anasema nini?" Nikamwambia, anasema bado wako msibani.

Lakini mama si mjinga. Idd ikaja, watoto hawakuja. Idd ya pili. Jirani akaacha kuleta sahani ya harisa. Mama akaelewa ameambiwa nini, akaanza kuvuta uradi zaidi.

Mapema, eda haijaisha, nilikwenda Samad. Msinione kuwa sikwenda. Nilibeba barua mbili tatu za ndugu yangu kutoka kwenye zile bahasha, nikakaa na mjane nyuma ya pazia la eda, nikamwonyesha: tazama, hata mumeo kaandika hivi hivi, hii ni lugha yetu tu, hapa kasema salamu, hapa kasema samaki. Alisikiliza. Ni mwanamke mwenye akili. Kisha akasema, "Sawa. Tuseme ni barua. Likizo yake ilikuwa wiki ya pili. Hakuniaga, hakunambia, katoka Jumatano kama mtu aliyeitwa. Niambie wewe, nani kamwita?"

Nikamwambia, sijui.

Alivuta pazia. Nikarudi Ibra na barua zangu. Na niseme na hili, maana nimeamua kusema: niliposikia zile barua zimechomwa, na ile ya kwangu ikiwemo, nilishukuru. Mama yangu anaitwa mchawi, na mie moyoni nasema alhamdulillahi.

Miaka kumi na minne. Watu wakisikia nyumba ina mzimu hutafuta mlango unaofunguka wenyewe. Kwetu milango haina neno. Kwetu ni alasiri: saa ile ile, gari nyeupe ikipita barabarani naiinulia kichwa, na Oman nzima wanaendesha gari nyeupe. Kwetu ni simu ya nyumbani, iliyokatwa na kampuni zamani, ambayo naisikia inalia nikiwa naosha vyombo. Nafunga bomba nasikiliza. Siku nyingine hunijia harufu ya dizeli na sabuni ya mabaharia kwenye ukumbi, na mama, asiyeona, hugeuza uso upande ule ule. Hatukuwahi kuulizana.

Basi narudi kwa yule binti aliyekaa karibu na mlango. Nilimletea sanduku la bahasha. Akavaa miwani, akazipanga juu ya mkeka akizilinganisha na daftari la baba yake. Alifanya kazi vizuri, kwa utaratibu, ananikumbusha mie nilivyokuwa kijana. Mama alikuwa akimsemesha kwa kile Kiarabu chake kibovu: una ndugu wangapi sasa, mama yako mzima, unakula? Binti akijibu kwa adabu, neno moja moja.

"Tisini na mbili," akasema mwisho. "Daftari lina tisini na tatu. Ya mwisho ni ya Sur, Jumanne ile. Hiyo ndiyo wanayoitaka wote, ammati. Ni ya mwisho kutoka kwa baba."

Nikasema labda ilipotea.

"Umefanya kazi posta," akasema. "Wewe barua ya ndugu yako ikupotee?"

Alikuwa hakejeli, ndilo lililoniuma. Nikaingia chumbani. Nikafungua sanduku, nikatoa nguo, nikatoa foronya. Na nikafanya hivi: nikaitoa barua ndani ya bahasha nikaisukuma chini ya godoro, nikampelekea bahasha tupu. Kwani wao wanataka nini? Wakusanyaji wanataka stempu, muhuri, tarehe mbele na tarehe nyuma, ya ndani hawana haja nayo. Nilijiambia hivyo kutoka chumbani mpaka sebuleni, hatua saba.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama mbele, nyuma, akaweka kidole kwenye namba ya penseli. Kisha akaifungua kwa ncha za vidole. "Nyingine zote zina barua," akasema.

"Hii haina."

Akafungua daftari akanionyesha. Mbele ya tisini na tatu ndugu yangu kaandika kwa Kiarabu: jawabu kwa mama.

 Halafu binti akavua miwani, akasema chini chini, bila kunitazama. "Nimeposwa. Watu wa mwanamume wameuliza habari za bibi. Wamesikia. Mimi siamini mambo ya sihiri, nimesoma, lakini tangu utoto nimeambiwa usile huko, usinywe huko, na leo umeniletea kahawa na mkono wangu ukakataa. Mama husema aliyemwita baba anajijua. Nataka niwajibu watu wale kitu, ammati. Alikuwa anajibu nini?"

Mama akaniuliza kwa Kiswahili, "Mtoto analia?" Kwa sababu alikuwa kweli analia, na mama aliisikia pumzi yake.

Nikarudi chumbani, nikainua godoro.

Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili, kwa sauti, maana ni ya mama na ilikuwa haijamfika. Mama yangu mpenzi, baada ya salamu, nimeshuka leo botini nimekuta barua yako. Nimesoma kuwa umeanguka chooni na huli.

"Nani kaanguka?" mama akasema.

Niliendelea, ningekatiza nisingeweza tena. Nimepiga simu hazishikwi, roho haijatulia. Najua napita Ibra sisimami, mama. Si kwa dharau. Nimeona kitu baharini, na nikiwa nacho usoni sikutaka unione, wewe unanijua uso. Lakini sasa nakuja. Ruhusa yangu itasainiwa kesho mchana, nitafika kabla ya barua hii. Mtaisoma mbele yangu mnicheke.

Hapo ndipo ilipoishia, na jina lake.

 Vidole vya mama vilikuwa vimesimama kwenye tasbihi. "Mwaka ule mie sikuanguka," akasema.

"Hukuanguka, mama."

"Nani kamwandikia?"

"Mimi."

Binti akaniangalia, akamwangalia bibi yake. "Amesema nini?" akaniuliza. Na ilibidi nimfasirie. Mtu akisema neno ovu mara moja ni taabu. Mie nilisema mara mbili, kwa lugha mbili, mbele ya wenyewe. Nikamwambia barua imesema nini, bibi yake kauliza nini, na mimi nimejibu nini. Nikamwambia na waya wa simu. Nikamwambia barua zilizochomwa Firq zilikuwa zikimuuliza baba yake kama amekula, na kumsifu mama yake kuwa ana mkono wa baraka. Hakunikatiza. Alipiga picha barua kwa simu yake, akairudisha ndani ya bahasha kwa mpangilio ule ule, kisha akaenda magotini mpaka kwenye godoro la mama akaulaza uso wake kwenye mikono ya bibi yake. Mie nilitoka nje nikasimama ukumbini.

Wiki mbili baadaye mjane alikuja mwenyewe kutoka Samad. Alikuja na watoto wote, na sinia la tende na halua, akambusu mama kichwani, mabegani, mikononi, akaomba msamaha mpaka mama akamwambia inatosha. Kwangu alitoa mkono. Alinisalimu salamu ndefu ya Kiarabu, u hali gani, habari zenu, habari za huko na za ulimwengu, mpaka mwisho, kama anavyosalimiwa mgeni asiyejulikana. Sikudai zaidi.

Maonyesho yalifanyika Sur mwezi uliofuata. Nilikwenda. Kabla ya kuingia ukumbini walitupitisha kuiona boti, imekaa juu ya magogo, tumbo lake jekundu limepasuka rangi, na ngazi ya kushukia chumba cha injini iko wazi. Sikushuka. Ndani, bahasha zote tisini na tatu zimepangwa chini ya kioo, na ya mwisho imewekwa peke yake na barua yake imefunguliwa, chini yake tafsiri ya Kiarabu aliyoiandika binti. Na maelezo kwa herufi nzuri: barua ya mwisho ya fundi mkuu, aliyefariki njiani akienda kumwona mama yake mgonjwa. Watu walisoma wakatikisa vichwa. Mzee mmoja wa boti alifuta macho kwa shali. Nilimtafuta binti kwa macho, akanitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, akageuka kuzungumza na wageni. Sijui kaniachia uwongo wangu kwa huruma au kwa adhabu, na kumuuliza siwezi. Ndiyo historia sasa, imeshachapwa.

Wajukuu wanakuja kila Ijumaa. Nyumba ina kelele. Mama anawafundisha Kiswahili, anawashika kidevu awasikie midomo inavyotamka, na wanacheka naye. Posa ya yule binti imepita, watu wa mwanamume wameridhika. Namwandalia kahawa kila akija, anakunywa.

Ila mama, tangu siku ile, kwangu hasemi Kiswahili. Hakunigombeza, hakunilaani, wala hakutaka niondoke. Nani mwingine atamwogesha. Anasema na mimi kwa Kiarabu, kile kile cha sokoni, maneno machache ya lazima. Jana aliniomba maji hivyo. Nikamshikia gilasi, akanywa, akajifuta, kisha akanishukuru, Mungu akulipe kheri, kama anavyomwambia muuguzi wa hospitali. Miaka yote mama hajawahi kunishukuru kwa maji. Nikamjibu kwa Kiarabu.